Mstari mmoja wa msimbo uliomwaga pipa la maji

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na safari hii si uvivu. Kuna programu moja ya simu niliyoiandika kwa siku mbili, na nimetumia mwezi mzima kuirekebisha. Leo nataka kueleza kwa nini, kwa sababu naamini kosa langu ni kosa ambalo sisi waandishi wa programu tunalifanya kila siku bila kujua.

Hapa kwetu Mishomoroni maji ya mfereji hayana ahadi. Yakija, tunashukuru. Yasipokuja, tunanunua kwa muuza maji wa mkokoteni, mtungi wa lita 20 mmoja mmoja, na kumimina kwenye pipa. Jirani yetu mmoja, bi mkubwa ninayemwita Bibi ingawa hatuna udugu wa damu, alikuwa amenunua mitungi kumi. Asubuhi akakuta panya amekufa ndani ya pipa. Maji bado meupe, hayana harufu wala rangi.

Akamtuma mjukuu wake kwangu. "Bibi auliza, ile simu yako yasemaje?"

Ile simu ni programu yangu ya kukokotoa vipimo vya fiqhi: kiasi cha maji, zakatul fitri, na masafa ya msafiri. Nikaandika 200, nikabonyeza. Maandishi mekundu yakatokea: "Chini ya kullatain. Maji yamenajisika." Mtoto akarudi na jibu, na Bibi akalipindua pipa. Lita 200 za maji ya kununua zikanyweshwa mchanga.

Kwa msomaji asiyejua: katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa zaidi pwani yetu, maji yakifika kiasi kinachoitwa kullatain, yaani mitungi miwili mikubwa ya kale, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Yakiwa chini ya hapo, yananajisika kwa kuguswa tu. Kwa hiyo mpaka huo si mchezo. Upande mmoja unatawadha na kupika, upande wa pili unamwaga.

Jioni, baada ya swala ya Isha, Ustadh wetu akaniita pembeni. Alikuwa ameshasikia.

"Kijana, mpaka umeweka lita ngapi?"

"Mia mbili na kumi na sita, Ustadh."

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye intaneti. Halafu nikahakikisha kwa hesabu. Kitabu kimesema dhiraa moja na robo, urefu, upana na kina."

"Na baada ya hapo kitabu kimesemaje?"

Nikanyamaza.

"Kimesema *takriban*," akasema. "Neno hilo limekwenda wapi kwenye simu yako?"

Makala hii yote ni jaribio langu la kumjibu.

216 ilitoka wapi

Tuanze na hesabu. Dhiraa ni mkono: kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Wanazuoni waliigawa dhiraa kwa vidole 24, na kila kidole kwa punje sita za shayiri zilizolazwa ubavu kwa ubavu. Ukichukua upana wa kidole kuwa sentimita 2, dhiraa inakuwa sentimita 48. Dhiraa moja na robo ni sentimita 60. Mchemraba wa sentimita 60 kila upande unabeba lita 216. Kwa chombo cha duara, kama pipa, vitabu vinataja upana wa dhiraa moja na kina cha dhiraa mbili na nusu. Ukikokotoa kwa dhiraa ile ile unapata kama lita 217. Njia mbili, jibu karibu moja. Nikafurahi, nikaandika:

KULLATAIN = 216

Nilipotoka kwa Ustadh nilichukua utepe nikapima mkono wangu mwenyewe. Sentimita 47. Nikairudia hesabu: lita 203. Hapo nikaanza kutokwa na jasho. Nikatengeneza jedwali dogo:

- dhiraa ya sentimita 46: lita 190
- dhiraa ya sentimita 47: lita 203
- dhiraa ya sentimita 48: lita 216
- dhiraa ya sentimita 50: lita 244

Angalieni vizuri. Kutoka 46 hadi 50 urefu umeongezeka kwa asilimia 9 hivi tu, tofauti ambayo utaikuta kwa watu wawili wanaosimama safu moja msikitini. Lakini maji yameongezeka kwa asilimia 28, karibu mitungi mitatu. Ndivyo ujazo ulivyo: kosa la urefu linazidishwa mara tatu. Chuoni tulifundishwa jambo hili tukalifanyia mtihani, na mimi nililipita. Kumbe nilikuwa sijalielewa.

Tena kuna njia ya pili. Vitabu vile vile vinataja kullatain kwa uzito: ratili 500 za Baghdad. Ratili moja ni dirhamu 128 na sehemu nne za saba. Ukichukua dirhamu ya gramu 2.975, unapata kilo 191, yaani lita 191 za maji. Ukichukua dirhamu ya gramu 3.17 wanayoitumia wengine, unapata lita 204. Kwa hesabu ya kwanza, pipa la Bibi lilikuwa na maji ya kutosha na ziada ya lita 9. Kwa hesabu ya pili lilipungukiwa na lita 4. Kwa hesabu yangu lilipungukiwa na 16.

Imamu Nawawi, aliyeishi kati ya 1233 na 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaj kinasomeshwa mpaka leo, alipotaja ratili hizo 500 aliongeza neno *takriban*. Na wanazuoni wakaendelea kujadili ni upungufu wa ratili ngapi usiodhuru. Kwa lugha ya kazi yetu: walitaja kipimo, wakataja na kiasi cha kosa kinachovumilika. Karne ya 13! Mimi, mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, nikachukua kipimo nikatupa kile cha pili.

Wazee hawakuwa wajinga

Kuna tabia ya kuvicheka vipimo vya mwili. Tunasema ni mambo ya kale, kila mtu na mkono wake, hakuna usahihi. Lakini hebu tutazame vipimo vyetu wenyewe Waswahili.

Tuna wanda, upana wa kidole. Tuna futuri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada. Tuna shibiri, kutoka gumba hadi kidole cha mwisho. Tuna mkono. Tuna pima, mikono miwili iliyonyooshwa kushoto na kulia, ambayo wavuvi wetu wanapimia kamba na kina cha maji. Na tazama jambo hili: mkono wenyewe una majina mawili. Mkono kamili unafika ncha ya vidole, na mkono konde unaishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Kwa hiyo mtu akiuliza "mikono mingapi?", muulizwaji ana haki ya kuuliza "mkono upi?"

Kwenye nafaka ni hivyo hivyo. Vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi. Lakini kuna kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kichuguu, na kuna kibaba cha mfuto, kilichopangusiwa juu kikawa sawa na mdomo wa chombo. Tele na mfuto! Huko ndiko kukadiria kwenda juu na kukadiria kwenda chini, na wazee walikutia ndani ya jina la kipimo ili pasiwe na ugomvi baadaye. Mimi nina programu ngapi ambazo zinakata desimali kimya kimya bila kumwambia mtumiaji kama ni tele au mfuto? Zote.

Wala tusijidanganye kwamba tumevihama vipimo hivi. Ploti hapa Kisauni inauzwa "hamsini kwa mia", na hizo ni futi, yaani nyayo. Simu unayosomea makala hii imeuzwa kwa inchi za kioo, na Wafaransa mpaka leo wana neno moja tu kwa inchi na kidole gumba. Tofauti ni kwamba futi na inchi zimeshafungwa kwa kiwango kimoja cha dunia nzima, na nyayo yako haiulizwi tena.

Wayahudi na mayai ya Prague

Nilipoanza kuchimba nilikuta kwamba si sisi peke yetu. Sheria ya dini ya Kiyahudi nayo ina mkono wake, unaoitwa *ama*, na umegawanywa kwa vidole 24 kama dhiraa yetu: viganja sita, kila kiganja vidole vinne. Tena wana vipimo vya ujazo vinavyohesabiwa kwa mayai ya kuku.

Katika karne ya 18, rabi mkuu wa Prague, Yechezkel Landau, alifanya jambo ambalo mwandishi yeyote wa programu angelisifu. Alichukua kipimo kile kile akakipima kwa njia mbili, kwa upana wa kidole gumba na kwa mayai, aone kama majibu yatalingana. Hayakulingana. Moja lilikuwa karibu mara mbili ya lingine. Akahitimisha kwamba vidole vya watu havijabadilika, bali mayai ya zama zake yamesinyaa na kuwa nusu ya yale ya kale.

Hatuhitaji kukubali hitimisho lake ili tuone uzito wa tatizo. Katika karne ya 20 wanazuoni wawili waliokuwa wakiishi Palestina wakasimama kila mmoja upande wake. Rabi Avraham Chaim Naeh alihesabu ama kuwa sentimita 48. Rabi Avraham Yeshaya Karelitz, anayejulikana kwa jina la kitabu chake, Chazon Ish, alifuata njia ya Landau, na ama yake inafika takriban sentimita 57.6. Tofauti ni asilimia 20. Sasa peleka tofauti hiyo kwenye birika lao la kujitwaharisha, ambalo ni ama moja kwa ama moja kwa kina cha ama tatu. Kwa Naeh ni kama lita 332. Kwa Chazon Ish ni kama lita 573. Asilimia 20 ya kidole imekuwa asilimia 73 ya maji. Ni ule ule mchemraba ulionivunja mimi.

Na mpaka leo rai zote mbili zinaishi. Kikombe cha usiku wa Ijumaa kina mililita 86 kwenye nyumba inayomfuata Naeh, na kama 150 kwenye nyumba inayomfuata Chazon Ish. Kila nyumba inajua inamfuata nani. Hilo ndilo jambo lililonigusa. Hawakukubaliana kwa namba, lakini hakuna aliyeficha namba ni ya nani. Programu yangu ilificha.

Chini ya joho

Mtu ataniuliza: si kungekuwa na kipimo kimoja cha rejea, watu wakapima kwacho, ugomvi ukaisha?

Hata hilo lilijaribiwa. Inasimuliwa kwamba Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Imamu Abu Hanifa, alikwenda Madina akaulizia ukubwa wa swaa, kipimo cha zakatul fitri ambacho sisi Waswahili tunakiita pishi. Kule Iraki walikuwa wakiihesabu ratili nane. Kesho yake wakaja wazee kama hamsini, wana wa Muhajirina na Ansari, kila mmoja na swaa yake chini ya joho lake, kila mmoja akisema ameirithi kwa baba yake au watu wa nyumba yake. Abu Yusuf akazilinganisha, akazikuta sawa. Akapima moja, ikawa ratili tano na theluthi moja kasoro kitu kidogo. Akaiacha rai ya mwalimu wake.

Kisa hiki nakipenda sana. Hakuna aliyebishana kwa maneno. Waliweka vyombo mezani.

Na kabla hatujasema "ah, hayo ni ya zamani", tukumbuke kwamba kilo yenyewe, ile ya dukani, ilikuwa hivyo hivyo mpaka Mei 2019. Ilikuwa kipande cha madini ya platini na iridi kilichofungiwa ghalani karibu na Paris, na nchi nyingine zilikuwa na nakala zake. Kila baada ya miaka mingi nakala zilirudishwa kulinganishwa na mama yao, na wakakuta zimeachana kwa sehemu ndogo sana za gramu. Ndipo mwaka 2019 kilo ikafungwa kwa namba ya fizikia badala ya chuma. Kwa hiyo wataalamu wa Paris na wazee wa Madina walikuwa wakifanya kazi moja.

Lakini sokoni je?

Sitaki mtu aseme nahubiri turudi kupimiana kitambaa kwa mkono. Hapana. Muuzaji mwenye mkono mfupi na mnunuzi mwenye mkono mrefu hawatapatana hata kidogo, na mnyonge ndiye atakayepunjwa. Sheria ya Mizani na Vipimo ya Kenya, Sura ya 513, ipo kwa sababu hiyo. Pale ambapo watu wawili wana maslahi yanayopingana, kipimo kitoke nje ya miili yao wote wawili. Hapo mita na kilo ni ukombozi.

Na sisi tunaounganisha kompyuta na kompyuta hatuna hata nafasi ya kusema takriban bila kutaja kizio. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kilichotumwa kwenye sayari ya Mars kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa pauni na nyingine ikazisoma kwa nyutoni.

Lakini ibada si soko. Anayetawadha hashindani na mtu. Aliyempa mtu kipimo cha mkono alimpa kipimo ambacho tajiri na maskini, mjini na jangwani, mwenye utepe na asiye nao, wote wamezaliwa nacho. Ukikibadilisha kikawa namba yenye desimali tatu, umemnyang'anya chombo chake na kumwambia sasa aje kwako kuuliza. Na wewe unayejibu ni nani? Mimi si mufti. Sijasoma fiqhi zaidi ya madrasa. Lakini siku ile mstari wangu mmoja wa msimbo ulitoa fatwa, na fatwa ikatekelezwa kabla Ustadh hajamaliza chai yake ya asubuhi.

Zakatul fitri iko katikati ya mambo haya mawili. Ni ibada, lakini upande wa pili kuna maskini anayepokea. Swaa ni mudi nne, na mudi ni mateko ya viganja viwili vya mtu wa wastani. Firuzabadi, mtunzi wa kamusi maarufu ya Kiarabu ya Al-Qamus, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, aliandika kwamba alilijaribu jambo hilo akalikuta sahihi. Lakini leo tunataka kilo. Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia, aliyefariki 2001, alitaja kilo 2 na gramu 40 za ngano nzuri. Kamati ya kudumu ya fatwa ya huko huko Saudia ilitaja takriban kilo 3. Kwa nyumba ya watu saba, hiyo ni kilo 14 na robo hivi au kilo 21. Halafu swaa ni ujazo, si uzito, na mchele, mahindi na ngano haviko sawa kwenye mizani. Programu yangu ilikuwa na namba moja kwa vyote: 2.5. Kibaba cha mfuto, bila kumwambia mtoaji wala mpokeaji.

Nilichobadilisha

Basi, baada ya mwezi mmoja, programu sasa inafanya kazi hivi:

1. Hakuna namba isiyo na mwenyewe. Kila kipimo kimehifadhiwa na kima cha chini, kima cha juu, njia iliyotumika, na jina la aliyekisema.

2. Kipimo cha asili kinaonyeshwa kwanza. Mtumiaji anaona "dhiraa moja na robo" au "ratili 500" kabla hajaona lita.

3. Neno takriban limerudi, na limekaa ndani ya hesabu, si kwenye maandishi tu. Hakuna desimali ambayo kipimo chenyewe hakiwezi kuibeba.

4. Palipo na haki ya mtu mwingine, programu inakadiria kwenda juu na kusema wazi kwamba imefanya hivyo. Kibaba cha tele.

5. Jibu likiangukia katikati ya rai, programu haitoi hukumu. Inasema: "Hapa wanazuoni wanatofautiana. Muulize mwalimu wako." Hakuna maandishi mekundu.

Nililijaribu sharti la tano kwa safari. Masafa ya msafiri anayeruhusiwa kufupisha swala yanatajwa kuwa maili 48. Maili ni dhiraa ngapi? Nawawi ametaja 6000, wengine 4000, Ibn Abdilbarr wa Andalusia 3500. Kwa dhiraa ya sentimita 48 unapata kilomita 138, au 92, au kama 81. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kiasi cha kilomita 120. Kwa hesabu mbili, abiria wa matatu ya Malindi ni msafiri. Kwa hesabu moja, si msafiri. Programu yangu ya zamani ilikuwa na 81 peke yake, ikijibu "ndiyo" kwa ujasiri wote. Mpya inaweka hesabu zote tatu mezani na kunyamaza.

Rafiki zangu wawili wa kazi wameniambia programu imeharibika. Watu wanataka jibu, wanasema, hawataki mjadala. Ukimpa mtumiaji namba mbili atakwenda kwa mwenye namba moja. Labda ni kweli. Idadi ya wanaoitumia itaonyesha. Lakini nimeona namba moja ilivyofanya uani kwa jirani yangu, na nikichagua kati ya programu inayopendwa na programu inayosema kweli kuhusu isichokijua, nachagua hiyo ya pili.

Bibi nilimlipia mitungi kumi mingine. Alikataa kwanza, kisha akakubali. Nikamweleza habari yote, ya dhiraa, ya ratili, ya wale wanaohesabu 191 ambao wangemwambia maji yake yalitosha. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaunyoosha mkono wake ukingoni mwa pipa, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole.

"Mwanangu, mimi hili pipa nalijua siku nyingi," akasema. "Mara hii nilidhani simu yajua zaidi."

Ninyi wenzangu mnaoandika programu: ni namba gani mmeipigilia msumari ndani ya msimbo wenu ambayo asili yake ilikuwa na neno takriban? Umri wa kustaafu, kiasi cha dawa ya mtoto, siku za mwezi, kima cha mkopo? Fungueni msimbo mtazame. Mkikuta moja, niandikieni hapo chini tusaidiane.

Kazi njema.